Uzi: Hatua ya sita inayorukwa katika jumuiya ndogo ndogo, na nafasi ya familia nzima ndani yake

Mwanzisha uzi

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu wa makanisa mengine, Bwana asifiwe. Ninaleta jambo ambalo katika parokia nyingi za Tanzania husemwa pembeni, baada ya sala, watu wakiwa mlangoni wanatafuta viatu vyao: kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, zilizoanzishwa ili familia jirani zilee imani pamoja na kuhudumiana, zimegeuka kuwa mahali pa kusomewa orodha ya michango. Wapo wanaowalaumu viongozi, wapo wanaowalaumu waamini kwa uvivu. Mimi naona kwamba tatizo lina mahali pake mahususi, na ningependa tulijadili hapo hapo lilipo.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo, mijini na vijijini, na kwamba kazi hiyo itangulie nyingine za kichungaji. Wenzao wa Kongo walikuwa wamekwisha kuelekea huko tangu mwaka 1961. Hapa kwetu wazo hilo lilikuta watu waliozoea kupangwa nyumba kumi kumi chini ya balozi, kwa hiyo mipaka ya jumuiya ilichorwa kwa urahisi. Pengine kwa urahisi mno, maana kazi ya balozi ilikuwa pia kuhesabu watu na kupeleka taarifa juu, na tabia hiyo tuliirithi pamoja na mipaka.

Jumuiya nyingi zinatumia Hatua Saba za kushirikishana Injili, mtindo uliotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambako mapadre Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambao wote wawili baadaye walikuwa maaskofu, walitayarisha mafunzo kwa ajili ya walei. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma somo, tunachagua neno au fungu lililotugusa na kulirudia, tunanyamaza, tunashirikishana tulichosikia moyoni, kisha, katika hatua ya sita, tunajiuliza Bwana anatutuma kufanya nini, nani atakifanya na lini, ndipo tunafunga kwa sala za hiari. Ukiutazama mpangilio huo utaona kwamba hatua tano za kwanza zinaielekea ile ya sita, na ya saba inamkabidhi Mungu kile kilichoamuliwa.

Sasa chukueni kikao cha kawaida cha Jumamosi asubuhi. Mkeka umetandikwa, benchi limeazimwa kwa jirani, mshumaa umewashwa juu ya kistuli kilichofunikwa kitambaa cheupe, na akina mama wameketi pamoja na mzee mmoja ambaye ndiye mwenyekiti. Injili ni ile ya Msamaria mwema. Mama mmoja anarudia taratibu neno "akamtunza", na kimya kinachofuata ni kimya cha kweli. Wawili watatu wanasema jambo lililotoka maishani mwao. Halafu katibu anafungua daftari: zaka, ukarabati wa nyumba ya mapadre, mchango wa seminari, sikukuu ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake, rambirambi ambayo baadhi hawajatoa. Nyumba ya tatu kutoka hapo yuko bibi anayelea wajukuu peke yake huku mguu wake umevimba, na hakuna aliyemtaja, ijapokuwa kila aliyeketi pale anamfahamu kwa jina.

Hatua ya sita imerukwa, na pengo lake limejazwa na daftari. Ikishaondoka, akina baba na watoto hawana tena sababu ya kuja, kwa kuwa kinachobaki ni kuimba, kusema na kulipa. Na baba asiye mwepesi wa kusema mbele za watu, ambaye angeweza kuutengeneza mlango wa yule bibi kwa saa moja, anaonekana hana imani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, uliiita familia kanisa la nyumbani, na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikachagua kulielezea Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Sisi hatukutanishi familia. Tunakutanisha mwakilishi mmoja wa kila familia, naye hurudi nyumbani na kiasi cha mchango, si na Neno.

Naomba michango yenu ya mawazo, hasa kutoka kwa wale ambao kwao hatua hiyo bado iko hai. Inafanyikaje?

Katekista mstaafu

Milele amina, mwanangu. Umesema vizuri, ila nikuongezee kitu ambacho wasiofanya kazi hiyo hawakioni. Hatua ya sita ndiyo hatua pekee ambayo haiwezi kuendeshwa na mtu asiyejiandaa. Kusoma kila mtu anaweza. Kunyamaza kila mtu anaweza. Lakini kusema "nani anahitaji nini wiki hii" kunamtaka kiongozi awe amepita nyumba kwa nyumba kabla ya kikao. Zamani tulikuwa tunawafundisha wenyeviti wapya jambo hilo katika semina ya kigango, yaani tawi la parokia. Siku hizi mwenyekiti anachaguliwa Jumapili, Jumatatu anakabidhiwa mhuri na daftari, na semina ya kwanza anayoitiwa ni ya namna ya kujaza fomu za zaka. Atafanya kile alichofundishwa.

Nitatoa mfano wa kigango kimoja cha huku Tabora. Alikuwako mzee kipofu, mjane, ambaye watoto wake walikuwa mbali. Jumuiya haikuandika kwamba "tutamsaidia mzee", kwa sababu sentensi hiyo haina mwenyewe. Iliandika kwamba familia fulani itamletea maji Jumatatu na Alhamisi, na familia nyingine itamfulia Jumamosi. Ile ya maji ilimtuma kijana wao wa darasa la sita, na baba yake alikwenda naye mara ya kwanza ili kumwonyesha mahali pa kuweka ndoo, yaani upande wa kulia wa mlango, ambapo mzee angeifikia kwa mkono bila kujikwaa. Baada ya muda yule kijana alianza kumsomea mzee Injili ya Jumapili inayofuata, kwa kuwa mzee alimwomba, na hakuna katekista aliyepanga jambo hilo. Nilipokuja kumfundisha kijana huyo mafundisho ya Kipaimara, nilimkuta anayajua masomo kuliko wenzake wote.

Kwa hiyo anayeuliza watoto watalelewaje katika imani, jibu langu ni kwamba wapewe ndoo kwanza. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inaagiza wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu waketipo nyumbani na watembeapo njiani. Sisi tumebaki na kuketi, tukaacha njia.

Mweka hazina, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wetu katekista. Mwanzisha uzi, nakuheshimu, lakini naona umeionea michango. Mimi ndiye ninayeshika hilo daftari unalolisema. Mwaka jana jumuiya yetu ilipata msiba wa baba mmoja kijana aliyekuwa fundi wa magari, mkewe hana kazi, ndugu wako Songea. Sanduku, gari la kusafirisha mwili, chakula cha waombolezaji kwa siku zote za matanga, vyote hivyo havikutoka katika kushirikishana Injili; vilitoka katika sanduku la jumuiya, kwa sababu watu walikuwa wanatoa kidogo kidogo mwaka mzima. Yakobo anauliza katika sura ya 2 inafaa nini kumwambia mtu aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa mahitaji ya mwili. Fedha ni huduma, na anayeikusanya kwa uaminifu anahudumu.

Pia tuseme ukweli kuhusu akina baba wa mjini. Hawaji kwa sababu ya kurukwa kwa hatua ya sita? Mimi nasema hawaji kwa sababu Jumamosi asubuhi wako kazini au wamelala baada ya zamu ya usiku. Kinachowaleta, tusidanganyane, ni ile barua ya mwenyekiti inayohitajika mtoto akibatizwa au binti akitaka kufunga ndoa. Tukiiondoa, tutabaki na mishumaa na viti vitupu.

Mwanzisha uzi

Kaka mweka hazina, marahaba kwa kazi hiyo. Wala sikusema michango ifutwe. Mfano wako wa msiba unanisaidia, maana pale fedha ilikuwa na jina la mtu na siku. Ninachokataa ni michango isiyo na uso, inayosomwa saa ile ambayo Neno lilipaswa kupata miguu.

Kuhusu barua, hapo tunatofautiana kabisa. Barua ilikusudiwa kuwa ushuhuda wa majirani kwamba wanaifahamu familia hii na watasaidia kumlea mtoto anayebatizwa. Ikigeuka kuwa risiti ya madeni, mtoto mchanga anaadhibiwa kwa sababu baba yake hakulipia ukarabati wa paa. Nimeona familia iliyozungushwa hivyo kwa miezi, na mwishowe ikahamia kanisa jingine ambako ilipokewa siku ile ile. Mtu aliyeletwa na barua hukaa mpaka barua ipatikane, kisha huondoka.

Msharika wa Machame

Bwana asifiwe. Mimi ni wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na huku kwetu pia ziko jumuiya, chini ya mtaa na usharika, zikiongozwa na wazee wa kanisa pamoja na mwinjilisti. Ugonjwa mnaousema tunaufahamu, kwa hiyo msidhani mko peke yenu.

Nataka kuwakumbusha urithi mwingine. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, na kuingia Uganda, Kagera na Kenya, ulienea kwa vikundi vidogo vya watu waliokutana majumbani, wakaungama waziwazi na kusameheana. Mkristo wa siku hizo aliyekuwa na deni la shilingi mbili kwa jirani alijua kwamba hawezi kuketi katika ushirika kabla ya kulirudisha. Kwao jambo la kufanya lilikuwa ndani ya toba yenyewe, halikusubiri kuwekwa kwenye ajenda.

Lakini vikundi hivyo navyo vilikuwa na kasoro ambayo wanajumuiya wanapaswa kuiepuka. Mara nyingi aliyeokoka alikuwa mke peke yake au mume peke yake, na wakati mwingine ushirika ukawa ndiyo familia mpya iliyoshindana na ile ya nyumbani. Katika Matendo sura ya 16, Lidia anabatizwa pamoja na nyumba yake, na mlinzi wa gereza la Filipi pamoja na watu wake wote, usiku ule ule. Na kabla ya kubatizwa, mlinzi huyo aliwaosha Paulo na Sila majeraha. Huduma ilitangulia maji ya ubatizo kwa dakika chache, na watu wa nyumbani mwake walikuwapo wakiona.

Jambo moja ambalo usharika wetu umelifanya ni kuagiza kwamba nyumba inayoipokea ibada ya jumuiya, baba na watoto wa nyumba hiyo ndio wanaosoma masomo na kupanga viti. Zamu ikifika kwako, huwezi kutoroka nyumba yako mwenyewe. Akina baba wamekuja kwa njia hiyo zaidi kuliko kwa matangazo ya kanisani.

Mama wa Nairobi

Nimefurahia uzi huu. Sisi Kenya tuna msaada mmoja ambao majirani zetu hawautumii sana: Kampeni ya Kwaresima ya Baraza la Maaskofu Katoliki, yenye kijitabu ambacho jumuiya husoma wiki baada ya wiki. Kila wiki ina hadithi ya maisha, somo la Biblia na maswali, kwa mtindo wa kuona, kuamua na kutenda, ule ule uliotokana na Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji alipokuwa akiwalea vijana wafanyakazi. Faida yake ni kwamba mambo kama maji, ufisadi na ardhi huingia katika sala bila mtu kuambiwa kwamba ameleta siasa. Hasara yake ni kwamba Pasaka ikifika, kijitabu hufungwa na kutenda hufungwa nacho.

Ndugu mweka hazina amesema juu ya wakati, na hilo ni kweli kabisa kwa sisi tunaoishi kwenye magorofa. Jumuiya yetu ilihamisha kikao kutoka Jumamosi asubuhi hadi Jumapili saa kumi na moja jioni, watoto wakiwa wamemaliza kazi za shule. Hatukupata wanaume wengi mara moja. Walianza kuja pale tulipoamua kwamba familia moja iliyofukuzwa na mwenye nyumba kwa kukosa kodi ihamishwe na sisi wenyewe. Kubeba kabati ghorofa nne hakuhitaji ufasaha wa kuomba, na baba mmoja ambaye hatukuwahi kumwona kwenye sala ndiye aliyeleta kamba na pikapu ya rafiki yake. Jumapili iliyofuata aliketi karibu na mlango. Aliposhirikisha neno lake mara ya kwanza alisema maneno matano tu, na tuliyapokea.

Muuguzi, Mwanza

Naomba niingize tahadhari, kwa sababu naona sote tunaisifu hatua ya sita kana kwamba haina hatari. Kazi yangu inanikutanisha na wagonjwa ambao hofu yao kubwa ni jumuiya yenyewe. Mama anaanza kutumia dawa za kufubaza virusi, jirani anaona kopo, na Jumamosi anaombewa kwa jina "katika hali yake". Waliomwombea walikuwa na nia njema. Tangu siku hiyo hakurudi, na kwa muda aliacha hata kuja kliniki kwa sababu mmoja wa wanajumuiya anauza matunda nje ya geti.

Kwa hiyo ninapendekeza yafuatayo kwa uzito wote. Mtu asitajwe katika kikao kabla ya kuulizwa mwenyewe, tena aulizwe na mtu mmoja anayemwamini, si ujumbe wa watu sita wenye sare. Aulizwe anahitaji nini, si anaumwa nini. Kinachoandikwa kwenye daftari kiwe kazi: "maji, Jumanne", "kumpeleka mtoto shule", ugonjwa usiandikwe kamwe. Hali kadhalika makundi ya WhatsApp ya jumuiya, ambayo tangu mwaka 2020 yamekuwa ukumbi wa kila kitu: nimeona picha ya mgonjwa kitandani ikizungushwa ili watu wachangie, shuka likiwa limefunguka. Hakuna sala inayoponya aibu ya namna hiyo.

Na watoto wanaotumwa, mzee katekista, wafundishwe kutosimulia. Mtoto wa darasa la sita anaweza kujifunza hilo vizuri kuliko sisi watu wazima.

Katekista mstaafu

Binti yangu muuguzi, Mungu akubariki. Hilo la kuuliza "anahitaji nini" ningelifundisha katika kila semina kama ningekuwa bado na nguvu. Yule mzee kipofu naye aliulizwa kwanza, na alikataa kufuliwa na wanawake. Ndiyo maana ile familia ya kufua ilimtuma baba. Kijiji kilishangaa kumwona mwanaume anaanika shuka za watu. Alizianika tu.

Kijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki)

Shikamooni wakubwa zangu. Nina swali la kiutendaji. Jumuiya yetu ina familia nyingi za mchanganyiko: mume Mwislamu na mke Mkatoliki, au mke Mpentekoste. Tukisema "familia nzima", hawa tunawaweka wapi? Na je, huduma ya hatua ya sita iwafikie pia majirani wasio wa jumuiya, au tuanze na wa kwetu?

Mwanzisha uzi

Marahaba. Nianze na swali la pili kwa kuwa ni jepesi: Msamaria hakuulizwa jumuiya, wala yule aliyeangukia kwa wanyang'anyi hakuulizwa. Jirani mwenye shida anaingia kwenye daftari lenu awe Mwislamu, Mlutheri au asiye na dini, kwa masharti yale yale aliyoyataja dada muuguzi.

La kwanza linahitaji busara. Mume Mwislamu asialikwe kwenye sala kwa ujanja, wala mke asilaumiwe kwa kuja peke yake. Ila kazi inaweza kuwa yao wote wawili, kama mume akipenda. Najua nyumba ambayo mume huyo ndiye anayeazima benchi na kulirudisha kila zamu ya kwao inapofika, huwakaribisha wageni, kisha huenda kibarazani mpaka sala iishe, na anaporudi ndani huuliza nani amepangiwa nini. Majina ya watoto wake yako kwenye orodha ya kuchota maji. Tusimwongezee wala kumpunguzia.

Baada ya kuwasoma ninyi nyote, nimebadilisha pendekezo nitakalolipeleka kwa mwenyekiti wetu kabla ya Majilio. Mwenyekiti au msaidizi wake atapita nyumbani kwa watu wawili au watatu katikati ya wiki na kuuliza, kwa ruhusa, nini kinahitajika. Kikao kitaanza kwa taarifa fupi ya kazi za wiki iliyopita, kila moja ikiwa na jina la familia iliyoifanya. Hatua ya sita itapewa robo saa kamili, na watoto wakae humo ndani, wasipelekwe nje kucheza. Familia mwenyeji itasoma masomo, kama ulivyotueleza, ndugu wa Machame. Michango itasomwa baada ya hatua ya saba, mshumaa ukiwa umezimwa, kwa dakika kumi, na deni la mtu litasomwa kwake binafsi. Kaka mweka hazina, hayo ya mwisho naomba uyapime wewe, maana unalijua daftari kuliko mimi: je, dakika kumi zinatosha?

Mweka hazina, Dar es Salaam

Zinatosha kama watu wataleta fedha kamili na si noti ya elfu kumi inayotafuta chenji. Kuhusu deni la mtu kusomwa kwake binafsi, nimekubali. Kuhusu barua ya ubatizo sijakubali bado, tutaendelea.